Ulipima Gunia, au Ulipima Mizani?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na sababu yake ni aibu. Leo nimeamua kuisema hadharani, kisha niwapeleke mbali kidogo: Italia ya karne ya 19, Marekani ya miaka ya 1990, hadi ndani ya fuvu la mwanadamu. Msiogope, tutarudi salama.

Mambo yalianza na mkaa. Mhariri wangu alinituma nichunguze malalamiko kwamba magunia ya mkaa yanapunguzwa uzito huku bei ikibaki palepale. Nikaona hii ndiyo habari ya kunitoa. Jumamosi nne mfululizo nilikwenda soko moja la hapa mjini, na kila mara nikapima magunia 10. Mizani sikuwa nayo. Jumamosi mbili za kwanza niliazima kwa jamaa mmoja wa vyuma chakavu. Mbili za mwisho hakuwepo, nikaazima kwa mwingine. Nikaingiza namba zote kwenye kompyuta na kutafuta wastani: wiki mbili za kwanza kilo 52, wiki mbili za mwisho kilo 48. Kilo 4 zimeyeyuka! Habari ikatoka na kichwa kikubwa, jina langu chini yake.

Siku tatu baadaye nikapita sokoni kifua mbele. Mama mmoja muuza mkaa hakuitikia salamu yangu. Wateja walikuwa wamemwita mwizi mbele ya watoto wake. Mzee aliyekaa pembeni yake ndiye aliyeniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe, ulipima gunia au ulipima mizani?"

Sikumwelewa. Akamtuma kijana alete mfuko wa saruji wa kilo 50 kutoka duka la jirani. Tukaziazima mizani zote mbili, tukautundika mfuko uleule. Ya kwanza ikasoma 50. Ya pili ikasoma 46. Mzee hakusema kitu tena. Hakukuwa na haja.

Jioni nikamsimulia rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu. Yeye alikwenda kwenye takwimu wakati mimi nakwenda kwenye uandishi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia, "Usijisikie vibaya sana. Wanaopiga picha za ubongo wanateswa na jambo hilohilo kwa zaidi ya miaka 30." Ndipo nilipoanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Ajabu ni kwamba historia yenyewe inaanza na mizani. Miaka ya 1880, mjini Turin, Italia, mwanafiziolojia Angelo Mosso alitengeneza kitanda cha mbao kilichokaa juu ya egemeo, kikaweza kuinamia upande wowote kama mkono wa mizani. Mtu analala chali, kitanda kinasawazishwa, kisha anapewa jambo la kufikiri. Wazo la Mosso lilikuwa kwamba mtu akifikiri, damu huongezeka kichwani, na upande wa kichwa utashuka.

Lakini Mosso hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi kama mimi. Aliona kwamba mtu akivuta pumzi tu kitanda kinayumba. Aliona pia kwamba damu inaingia na kutoka mikononi na miguuni bila kujali mtu anafikiri nini. Kwa hiyo, sambamba na mwendo wa kitanda, alirekodi pumzi na mabadiliko ya ujazo wa mkono na mguu, ili ajue mwinamo upi unatokana na nini. Karatasi zake za awali ziliibuliwa na watafiti na kuzungumzwa upya mwaka 2014. Waliozisoma walishangaa: tatizo lao la leo mzee yule alikuwa ameshaliona.

Mwaka 1890, Charles Roy na Charles Sherrington huko Cambridge walieleza kwamba sehemu ya ubongo inayofanya kazi huongezewa damu. Mwaka 1936, Linus Pauling na Charles Coryell wakaonyesha kwamba hemoglobini yenye oksijeni na ile isiyo nayo haziitikii sumaku kwa namna moja. Vipande hivyo viwili vilikaa mbalimbali hadi mwaka 1990, Seiji Ogawa na wenzake katika maabara za Bell, New Jersey, walipoonyesha kwa kutumia panya kwamba mashine ya MRI inaweza kuiona tofauti hiyo ya oksijeni kwenye damu. Mwaka 1992 makundi matatu nchini Marekani, la Boston, la Minnesota na la Milwaukee, yakachapisha picha za ubongo wa binadamu ukiwa kazini, bila kumchoma mtu sindano wala kumfungua fuvu. Hapo ndipo fani ya fMRI ilipozaliwa.

Hebu tuielewe mashine yenyewe. Unalazwa ndani ya sumaku yenye nguvu zaidi ya mara 20,000 ya ile ya dunia. Kila baada ya sekunde kama mbili inapiga picha ya ubongo wako mzima, ikiwa imeugawa katika vijumba vidogo vya milimita kama 3 kila upande. Kila kijumba kinatoa namba. Baada ya dakika kadhaa una makumi elfu ya vijumba, na kila kimoja kina mlolongo wa mamia ya namba zinazopanda na kushuka.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nikumbuke mkaa. Namba hizo si kilo, si lita, si digrii. Hazina kipimo cha asili. Kijumba kilekile, kichwa kilekile, mashine ileile, chaweza kusomeka 800 leo na 950 kesho, kwa sababu tu umelala tofauti kidogo au mashine imejirekebisha upya. Na kinachotafutwa, yaani kupanda kwa ishara pale unapofikiri, mara nyingi ni asilimia 1 hadi 5 tu. Juu yake kuna pumzi, mapigo ya moyo, kumeza mate, mashine kupata joto na kuanza kuteleza taratibu, na adui mkubwa kuliko wote: kichwa kutikisika. Kichwa kikisogea milimita 1, kijumba kilichokuwa kimejaa ubongo kinaweza kujikuta sehemu yake ni maji au mfupa.

Dawa ilitoka kwenye takwimu. Katikati ya miaka ya 1990, Karl Friston na wenzake huko London waliweka msingi unaotumika hadi leo. Fikiria jedwali. Kila picha ni mstari mmoja. Kila kitu unachodhani kinaweza kuipandisha au kuishusha namba ni safu moja: safu ya kazi aliyopewa mtu, safu ya mteremko wa mashine, safu za mwendo wa kichwa. Kisha unaiuliza kompyuta: katika kupanda na kushuka huku, kila safu inachangia kiasi gani? Hiyo ndiyo rigresheni. Mchango wa safu za kelele unauondoa, kinachobaki unakichunguza. Ni sawa na kupepeta mchele kwenye ungo.

Mwaka 1996 Friston na wenzake walionyesha kwamba kelele ya mwendo haitegemei tu kichwa kiko wapi sasa, bali pia kilikuwa wapi muda mfupi uliopita. Safu 6 za kawaida (kusogea pande tatu na kuzunguka pande tatu) zikawa 24.

Sasa, hakuna mtu anayeweza kulala ndani ya bomba lile saa tatu mfululizo bila kutikisika. Kwa hiyo kazi inakatwa vipande. Mtu anapigwa picha dakika 10, anapumzika, anaendelea. Wengine wanarudi kesho, au mwezi ujao. Tuviite vikao. Mtafiti akirudi ofisini ana vikao vinne, na kishawishi kinaanza: viunge vyote kichwa kwa mkia viwe mlolongo mmoja mrefu, weka safu zako, bonyeza kitufe. Namba nyingi, jibu lenye nguvu. Mimi nilifanya hivyohivyo na magunia yangu 40.

Ukifanya hivyo bila tahadhari, mambo mawili yanakupata. La kwanza ni rahisi kuona. Pale kikao kimoja kinapoungana na kingine, namba zinaruka ghafla, kwa mfano kutoka 800 hadi 950. Mruko huo ni mkubwa kuliko chochote ambacho ubongo unaweza kukufanyia, na vijumba vyote vilivyoruka pamoja vitaonekana kama vinawasiliana.

La pili limejificha zaidi. Chukua kijumba kilichoko ukingoni mwa ubongo. Katika kikao cha kwanza, mtu akiinamisha kidevu kidogo, kijumba kinang'aa. Kesho amelazwa tofauti, na kuinama kulekule kunakifanya kififie. Ukimwekea safu moja ya mwendo kwa vikao vyote viwili, kompyuta inalazimika kutafuta mchango mmoja unaofaa kote. Kung'aa na kufifia vinafutana. Kompyuta inakujibu kwa upole kwamba mwendo haujachangia kitu, na kelele inabaki kote kuwili.

Suluhisho lake ni kila kikao kupewa safu zake chenyewe. Safu ya mwendo ya kikao cha kwanza inakuwa na namba kwenye mistari ya kikao cha kwanza, na sifuri kwingine kote. Ya kikao cha pili vivyo hivyo. Kila kikao kinapewa pia safu yake ya usawa na safu zake za mteremko. Ukilitazama jedwali kwa mbali unaona matofali yanayoshuka kama ngazi, kila tofali likisimamia siku yake. Programu maarufu kama SPM ya London na AFNI iliyozaliwa Milwaukee zilikuja kujengewa utaratibu wa kukipa kila kipande usawa wake. Lakini programu haijui vikao vyako vinaanzia wapi usipoiambia.

Na kuna gharama. Kila safu unayoiongeza inakula sehemu ya ushahidi wako. Kikao chenye picha 150 kinaweza kuvumilia safu 24 za mwendo. Kikao chenye picha 40 hakiwezi: utapepeta mpaka mchele wote umwagike. Tena kama mtu anatikisa kichwa kila anapobonyeza kitufe cha jibu, kelele na ishara zimefunga ndoa, na ukiitoa moja unaondoka na nyingine.

Mnaweza kuuliza, haya yote yanamhusu nani zaidi ya mabingwa wa hesabu? Yanamhusu mtoto wako.

Mwaka 1995 Bharat Biswal, akiwa bado mwanafunzi huko Milwaukee, alikuwa akishughulika na kelele kwenye picha za watu waliolala bila kufanya kazi yoyote. Ndani ya kile kilichoitwa kelele akakuta kwamba sehemu ya kushoto na ya kulia zinazoongoza mikono zinapanda na kushuka pamoja, hata mikono ikiwa imetulia. Ubongo uliopumzika unazungumza wenyewe kwa wenyewe. Fani mpya ikafunguka. Si lazima tena kumpa mtu kazi, unamlaza tu. Basi hata watoto na wagonjwa wakaweza kupigwa picha kwa wingi.

Katika miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walitoa matokeo mazuri kabisa: kwa watoto, sehemu za ubongo zilizo jirani ndizo zinazoungana zaidi, na mtu anavyokua miunganisho ya mbali inaimarika. Yaani ubongo unakua kama mtandao wa barabara, kutoka njia za mtaani hadi barabara kuu za mikoani. Simulizi ilivutia. Iliingia akilini.

Mwaka 2012 kundi lilelile, Jonathan Power akiwa mwandishi wa kwanza, likachapisha makala iliyowatia wengi jasho. Walionyesha kwamba kutikisika kudogo, chini ya milimita 1, kunaongeza uhusiano bandia kati ya sehemu jirani na kupunguza uhusiano kati ya sehemu za mbali. Na hii ni hata baada ya safu za mwendo kutumika. Sasa jiulize, kati ya mtoto na mtu mzima, nani anatikisika zaidi ndani ya mashine? Sehemu ya ile simulizi ya barabara ilikuwa ni watoto kushindwa kutulia. Mwaka huohuo makundi ya Harvard na Pennsylvania yalitoa matokeo yanayoelekea hukohuko. Fikirieni ni tafiti ngapi ziliwalinganisha wagonjwa na wazima, wakati wagonjwa ndio wanaopata tabu zaidi kulala kimya.

Mimi nimeguswa na jambo moja hapo. Hawakusubiri wapinzani wao wawaumbue. Walikwenda wenyewe na mfuko wao wa saruji.

Moja ya dawa walizopendekeza ni kuzitoa kabisa picha zilizochafuka kwa mtikisiko. Wengine hulifanya hilo ndani ya jedwali lilelile: safu yenye 1 kwenye picha moja mbovu na sifuri kwingine kote. Hiyo ndiyo safu mahususi kuliko zote. Haisimamii siku wala kikao, inasimamia sekunde mbili tu.

Kisha likaja swali gumu zaidi: kelele ni nini hasa? Kati ya 2012 na 2014, Russell Poldrack, profesa wa saikolojia nchini Marekani, alijipiga picha mwenyewe mara kwa mara kwa miezi 18. Jumanne aliingia bila kula wala kunywa kahawa, kwa sababu siku hiyo alitolewa damu ya vipimo. Alhamisi alikuwa ameshakula na kunywa kahawa yake. Matokeo yalipotoka mwaka 2015, miunganisho ya ubongo wa mtu yuleyule ilionekana kutofautiana kati ya siku hizo mbili.

Hapo ndipo usafi wa kupita kiasi unapogeuka kosa. Kama unatafuta jambo lisilobadilika kuhusu ubongo wa Poldrack, kahawa ni kelele, ifute. Kama unataka kujua kahawa inafanya nini, safu ya usawa ya kila kikao itafuta sehemu ya jibu lako na wala hutajua. Tofauti ya siku na siku inaweza kuwa mizani, na inaweza kuwa gunia. Kompyuta peke yake haiwezi kukuambia ni ipi. Unahitaji shahidi wa pembeni aliyekuwepo siku hiyo. Mwaka 2000 Gary Glover na wenzake wa Stanford walionyesha namna ya kutumia mkanda wa pumzi na kipima mapigo kilichorekodiwa wakati uleule wa picha, kama Mosso alivyofanya. Mwaka 2007 watafiti wa San Diego wakapendekeza kutumia sehemu za ndani ya kichwa ambako ishara ya kufikiri haitarajiwi, kama kwenye maji ya ubongo: kikipanda kitu huko, kuna uwezekano mkubwa ni kelele ya kikao hicho.

Hata mpangilio wa kazi una mitego. Mwaka 2013 Michael Hallquist na wenzake walionyesha kwamba ukichuja data kwanza, kisha ukaondoa kelele kwa safu ambazo hazikuchujwa, unairudisha kelele uliyokuwa umeshaitoa. Mwaka 2019 Martin Lindquist na wenzake wakapanua hoja: ukisafisha hatua kwa hatua, hatua ya tatu yaweza kumwaga ndani uchafu uliotolewa na ya kwanza. Ushauri wao, kwa lugha ya jikoni, ni kupepeta mara moja, safu zote zikiwa kwenye ungo mmoja, au kuhakikisha kila hatua inaheshimu iliyotangulia. Mwaka huohuo ilichapishwa makala ya programu ya fMRIPrep, ambayo kwa kila kipande cha picha inatoa jedwali lake la vyanzo vya kelele na kumwachia mtafiti achague. Haimchagulii, na nadhani ni makusudi.

Kwa nini uchaguzi huo ni mzito? Mwaka 2020 timu 70 zilipewa data zilezile za watu 108 na dhana 9 za kupima. Hakuna timu mbili zilizofuata njia moja ya uchambuzi, na kwa baadhi ya dhana hawakukubaliana kabisa. Data moja, majibu tofauti.

Basi turudi sokoni. Niliketi upya na magunia yangu 40. Safari hii sikuyachanganya. Kila Jumamosi niliipa mizani yake, na kila mizani nikaipa mfuko wake wa saruji. Zile kilo 48 za wiki mbili za mwisho zikawa 52. Magunia hayakuwa yamepungua hata kidogo. Habari yangu yote, kichwa kikubwa na jina langu, ilikuwa ni habari ya chuma kilicholegea ndani ya mizani ya kuazima.

Gazeti lilitoa masahihisho: mistari minne, ukurasa wa ndani, chini kabisa. Nilikikata kipande hicho nikakipeleka kwa yule mama. Alikisoma polepole, akakikunja, akakiweka ndani ya mkoba wake wa pesa. Hakusema amenisamehe. Aliniambia tu kwamba wale waliomwita mwizi hawasomi ukurasa wa ndani.

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo. Poldrack anaweza kurudi kwenye mashine Jumanne nyingine, na jedwali linaweza kuandikwa upya usiku mmoja. Neno "mwizi" halina safu ya kulitoa.

Tangu siku hiyo, kwenye daftari langu la kazi, juu ya kila ukurasa naandika kwanza: tarehe, mahali, nimepima kwa nini, na nani alikuwepo. Ndipo naanza kuandika namba.

Alamsiki, wandugu.